Kiangazi ambacho ramani hazikioni

Kila mwaka kiangazi kinapokaribia, wataalamu wa hali ya hewa wa Afrika Mashariki hukutana chini ya kituo cha ICPAC, chenye makao yake karibu na Nairobi, wakatoa ramani ya mvua inayotarajiwa kati ya Juni na Septemba. Upande wa kaskazini ramani hiyo hujaa rangi. Ethiopia, Sudan Kusini, kaskazini mwa Uganda, kila mahali pamepakwa kuonyesha mvua itazidi au itapungua. Kadiri jicho linavyoshuka kusini, rangi zinakwisha. Sehemu kubwa ya Tanzania na Burundi huachwa tupu, kwa kuwa mvua ya kawaida ya miezi hiyo ni ndogo mno hata haifai kutabiriwa. Ukifika ukingo wa mto Ruzizi, hata huo utupu unakoma. Kituo kinahudumia nchi 11, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haimo.

Mji wa Sange uko hapo hapo, ng'ambo ya mto, kwenye barabara ya taifa nambari 5 inayotoka Bukavu kupitia Kamanyola na Luvungi kwenda Uvira. Kwenye karatasi, utabiri wake unatoka METTELSAT, shirika la taifa la hali ya hewa lililoko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, au Douala nchini Kameruni, ambako nchi za Afrika ya Kati zina kituo chao cha pamoja. Lakini upepo, joto na mawingu ya Sange ni yale yale ya Bujumbura, iliyoko karibu kilomita 40 tu kwa mstari ulionyooka. Mkulima wa mpunga wa hapa anaingia Juni akiwa katikati ya ofisi zote hizo, na ni nadra kusikia neno moja linalomhusu yeye na shamba lake.

Kuna wanaodhani hapungukiwi na kitu. Kiangazi ni kiangazi, mvua haipo, kuna nini cha kutabiri? Mimi naona kinyume kabisa. Katika tambarare ya Ruzizi, mambo mengi yanayoamua kama mwaka utakuwa wa shibe au wa njaa huamuliwa katika miezi hii ambayo hakuna anayeishughulikia.

Tuanze na ukavu wenyewe, maana mgeni anayeshuka kutoka Bukavu hushangaa. Juu, kwenye ufuko wa ziwa Kivu, ameacha mji unaopata zaidi ya milimita 1,300 za mvua kwa mwaka, vilima vya kijani na ubaridi wa asubuhi. Saa chache baadaye yuko kwenye nchi ya migunga na miiba, mieuforbia iliyosimama kama mishumaa, na ng'ambo, kwenye hifadhi ya Rusizi upande wa Burundi, mikoche inayopenda mchanga na jua kali. Uwanja wa ndege wa Bujumbura, ambao uko kwenye tambarare hii hii, hupata kwa wastani karibu milimita 850 kwa mwaka. Aprili peke yake inaleta kama 125. Julai inaleta 5.

Juni inapoingia, mkanda wa mvua wa tropiki huwa umeshalifuata jua kaskazini, na nyuma yake unaacha hewa kavu inayosukumwa kutoka kusini mwa Afrika, ambako ni majira ya baridi. Upepo huo wa kusini-mashariki unapita juu ya Tanzania, unapanda milima ya Burundi inayotenganisha maji ya Kongo na ya Nile, zaidi ya mita 2,000 juu, kisha unaporomoka kuja bondeni chini ya mita 1,000. Hewa kavu inayoshuka hupata joto la karibu nyuzi 1 kwa kila mita 100. Kwa hiyo upepo uliokuwa wa baridi kule juu unafika Sange ukiwa umepashwa moto kwa nyuzi 10 au zaidi, na kiu yake ya maji imeongezeka. Magharibi yetu milima ya Mitumba, ambayo mahali pengine inapita mita 3,000, inalifunga bonde upande wa pili. Tunaishi kwenye mfereji mkubwa wenye kuta mbili, na mvua nyingi huishia juu ya kuta.

Jua nalo lina hesabu yake. Ziwa Tanganyika hupoteza kwa mvuke karibu mita moja na nusu ya maji kila mwaka, na ndiyo njia kuu ya maji yake kuondoka, kuliko hata mto Lukuga unaotokea Kalemie. Udongo wa tambarare unadaiwa na jua lile lile. Milimita 850 za mvua dhidi ya deni la mita moja na nusu: hapo ndipo ulipo ukame wa Ruzizi, hata katika mwaka ambao redio itausema ni mzuri.

Basi swali la Juni si kama mvua itanyesha. Swali la kwanza ni maji ya mito yatafika mwezi gani.

Mgeni huuliza kwa nini watu walie maji huku Ruzizi inapita pale pale. Ni kweli Ruzizi haikauki. Inalishwa na ziwa Kivu, inashuka karibu mita 700 katika safari ya kama kilomita 120, na mabwawa ya umeme ya Ruzizi I na Ruzizi II yamekaa juu yake kwa miongo mingi. Lakini ikifika kwetu imejichimbia chini, imelala chini ya mashamba, na bila pampu na mafuta ya kuiendesha haipandi. Maji yanayolisha mpunga wa Sange, Luberizi, Runingu na Kiliba ni ya vijito vinavyoshuka wenyewe kutoka milima ya Bafuliiru, vikaongozwa kwa mifereji ya udongo kwenda mashambani. Vijito hivyo vinatawaliwa na jambo moja: mvua ilinyesha kiasi gani huko juu mwezi wa Aprili na Mei, na mlima umehifadhi kiasi gani.

Hilo ndilo ningependa kila mkulima alisikie redioni mwanzoni mwa Juni. Mvua ya Mei milimani ndiyo maji ya Agosti bondeni. Ikiwa mvua za mwisho zilikatika mapema, mto utapungua mapema, na aliyepanga kupanda mboga za msimu wa tatu karibu na kijito anapaswa kujua kabla hajanunua mbegu. Huu si utabiri wa kubahatisha. Maji yameshanyesha, yako ardhini, yanashuka polepole. Anayepima mto mara moja kwa wiki kuanzia Mei anaweza kukadiria vizuri utakuwaje mwezi wa nane. Tena hesabu hiyo inabadilika mwaka hadi mwaka kwa sababu mlima wenyewe unabadilika. Miti ikikatwa kwa makaa na mashamba yakipanda hadi kwenye miteremko mikali, maji ya Aprili yanakimbia juu juu kama mafuriko, na Agosti hakuna cha kushuka. Uvira iliona upande mmoja wa jambo hilo usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobomoa maelfu ya nyumba, ukaua makumi ya watu na kuwaacha makumi ya maelfu bila makazi. Upande wa pili, ule wa mto uliopungua mno miezi michache baadaye, hauingii kwenye habari.

Nenda kwenye mfereji wakati wa kiangazi utaona ubishi wote wa maji kwa jicho. Mlango wa shamba ni pengo tu kwenye tuta, upana wa jembe. Kuufunga, mtu anapachika kipande cha mgomba, anashindilia nyasi, anafinyanga tope juu yake kwa viganja. Kuufungua anatoa tope kwa jembe mara mbili, maji yanaingia. Zamu zimepangwa, huyu asubuhi, yule jioni, na wa mwisho kwenye mfereji anapata usiku. Mto ukiwa na nguvu, zamu zinaheshimiwa. Mto ukipungua, wa juu anaacha pengo wazi kidogo tu, maji yanavuja usiku kucha, na asubuhi wa chini anakuta tope linaanza kupasuka kwenye mstari wa mpunga wake. Ugomvi mwingi wa kiangazi unaanzia kwenye pengo la upana wa jembe. Halafu ng'ombe nao wanatafuta maji hayo hayo, wanapita kando ya mashamba ya mihogo, na kesi inahamia kwa chifu. Katika nchi ambayo imeshachoshwa na silaha, taarifa ya mapema juu ya upungufu wa maji ni kazi ya amani kama kazi nyingine yoyote ya amani. Wenye mfereji mmoja wakijua mwanzoni mwa Juni kwamba Agosti itakuwa ngumu, wanaweza kukaa chini, wakapunguza eneo la kupanda na kupanga zamu upya kabla mtu hajachomoa panga.

Nisiseme kana kwamba kiangazi ni adui tu. Mpunga wa msimu wa pili huvunwa kipindi hiki, na unahitaji jua la kuanikia. Mihogo iliyorowekwa hukauka kwa siku chache kwenye maturubai kando ya barabara, ingawa vumbi la malori halikosekani. Ndio wakati wa kufyatua matofali na kuwasha tanuru, wakati wa kuezeka, wakati wa harusi, na wakati vijana wa darasa la mwisho wanapokaa kwenye mtihani wa taifa. Mvua ya ghafla ya Juni, ambayo kwingine watu wangeifurahia, hapa inaweza kuozesha mihogo ya familia nzima na kuyeyusha matofali mabichi yaliyopangwa uani. Kwa hiyo hata taarifa ya siku tatu mbele, kwamba kuna wingu linakuja kutoka magharibi, ina thamani ya fedha taslimu.

Ziwani mambo ni tofauti, na watu wa Sange wanaokula ndagala wanahusika pia. Upepo ule wa kusini-mashariki, unaovuma kwa nguvu kuanzia Mei hadi Septemba, hulisukuma ziwa Tanganyika kwa urefu wake wote. Maji ya juu yenye joto yanarundikana kaskazini, upande wetu na wa Bujumbura, na kusini maji ya chini, baridi na yenye rutuba, yanapanda juu. Upepo unapolegea mwishoni mwa kiangazi, tabaka hizo zinayumba huku na huko kwa majuma, na mahali zinapochanganyika vijidudu vya maji vinastawi, ndagala wanavifuata, na samaki waitwao mikeke wanawafuata ndagala. Kumbe upepo wa Julai unaotujaza vumbi machoni ndio unaoandaa chakula cha samaki. Tafiti mbili maarufu zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba ziwa limepata joto katika karne iliyopita, tabaka la juu limekuwa gumu kuchanganyika na la chini, na uzalishaji wa chakula cha samaki umeshuka. Kiangazi chenye upepo dhaifu na joto kali si habari njema kwa wavuvi wa Kalundu wala wa Kavimvira, kule Uvira. Wakati huo huo nchi za ziwa zimeanza kupumzisha uvuvi katikati ya mwaka. Tanzania ilifunga upande wake kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024. Mvuvi anayeambiwa atie nanga miezi mitatu ana haki ya kuelezwa ziwa lake linafanya nini katika miezi hiyo.

Na wanaokaa ufukweni wana swali lao. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2019, bahari ya Hindi ilipopata joto kupita kiasi upande wa Afrika, na tena baada ya El Niño ya 2023, ziwa lilipanda hadi mwaka 2024 likafikia karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, kiwango ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960. Nyumba za Uvira na za Gatumba ng'ambo zilikaa ndani ya maji. Kila mwaka ziwa hufikia kilele chake mwezi wa Mei, kisha jua na upepo wa kiangazi huliteremsha mpaka Oktoba au Novemba. Kwa familia iliyohama ufukweni, utabiri wa kiangazi ni huu: maji yatarudi nyuma kiasi gani, na je, yatakuwa yamerudi vya kutosha kabla mvua mpya hazijaanza? Kuna waliorudi nyumbani Agosti wakafukuzwa tena Desemba.

Kisha kuna moto. Kuanzia Juni, nyanda za kusini mwa Kongo, Angola na Zambia huwaka kuliko sehemu nyingi za dunia, mashamba yakichomwa na nyasi zikichomwa, na moshi wake unasafiri mbali. Tambarare yetu inaongeza wake. Kufikia Agosti anga inageuka rangi ya maziwa. Mtu aliyeko Uvira haoni milima ya Burundi, na aliyeko Bujumbura haoni Mitumba, ingawa ukuta mzima wa mlima uko mbele yake. Macho yanawasha, watoto wanakohoa, na wenye pumu wanateseka. Hili nalo linaweza kutabiriwa, na kwingine duniani hutangazwa kila siku kama joto linavyotangazwa.

Sange ina kumbukumbu yake ya moto wa Julai, na siwezi kuandika juu ya kiangazi cha hapa nikaipita kimya. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka katikati ya mji, mafuta yakatapakaa kati ya nyumba, kisha yakalipuka. Watu zaidi ya 230 walikufa, wakiwemo watoto wengi, wengine wakiwa wamekusanyika kutazama mechi ya Kombe la Dunia. Chanzo kilikuwa ajali, si hali ya hewa. Lakini mji wenye nyumba za udongo na nyasi, wenye upepo wa mchana na maji machache, unabaki kuwa mji unaopaswa kuwa na tahadhari ya moto kuanzia Juni hadi mvua irudi: lini upepo utakuwa mkali, lini nyasi zisichomwe kabisa, wapi pana maji ya kuzimia. Hakuna gharama kubwa katika tangazo la namna hiyo.

Nimeacha mwisho lile linaloniuma zaidi, nalo ni mvua ya kwanza.

Mwishoni mwa Agosti joto la bondeni linakaribia kilele chake. Hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo inaanza kuvuka Mitumba. Alasiri mawingu yanajengeka juu ya milima, ngurumo zinasikika kutoka upande wa Lemera, na siku moja wingu linashuka. Inanyesha kwa saa moja, kwa fujo, udongo unanukia, moshi wote unasafishwa na milima inaonekana tena kana kwamba imesogezwa karibu usiku. Watu wanafurahi. Wengi wanapanda kesho yake, mahindi na maharage, kwa sababu anayewahi kupanda anawahi kula, na ghala limekuwa tupu tangu Julai. Halafu mvua inakata. Wiki moja, wiki mbili, jua linarudi kama la Agosti. Mbegu zilizochipua zinanyauka zikiwa na majani mawili. Wastani wa Septemba pale Bujumbura ni kama milimita 37 kwa mwezi mzima, na zinaweza kuanguka katika dhoruba mbili au tatu tu. Mwenye akiba ya mbegu anapanda tena. Asiyekuwa nayo anakopa, au anakwenda kulima kwa wengine wakati shamba lake limelala.

Hasara hiyo inaweza kupunguzwa, na kipimo kinajulikana. Watabiri wa Afrika Mashariki husema msimu umeanza pale zinaponyesha angalau milimita 20 ndani ya siku tatu, na baada ya hapo pasipite ukavu wa siku saba mfululizo katika majuma matatu yanayofuata. Nusu ya kwanza ya kipimo hicho mtu yeyote anaweza kuipima uani kwake. Nusu ya pili ndiyo inayohitaji mtabiri, na siku hizi mifano ya kompyuta inaona wiki moja hadi mbili mbele kwa kiasi cha kumsaidia mkulima kuamua asubiri au apande. Kinachokosekana ni mtu wa kulichukua jibu hilo na kulileta Sange, kwa Kiswahili na Kifuliiru, kabla mbegu hazijaingia ardhini.

Kuhusu msimu mzima wa Oktoba hadi Desemba, ukisikia redioni kwamba El Niño inakuja, au kwamba bahari ya Hindi imepata joto upande wetu, jiandae kwa mvua nyingi na fikiria mifereji, miteremko na ufuko wa ziwa. Ukisikia La Niña, kama ile iliyodumu tangu 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, fikiria mihogo na mazao ya muda mfupi. Lakini isikilize kwa jinsi ilivyo. Mtabiri akisema kuna uwezekano wa asilimia 45 mvua izidi kawaida, amekiri pia kwamba zimebaki asilimia 55 za mambo mengine. Utabiri wa msimu unasaidia kugawa shamba, hili kwa mahindi, lile kwa mihogo. Hauambii siku ya kupanda. Milima ya pande mbili nayo inaugeuza wastani wa nchi nzima kuwa kitu kingine kabisa bondeni.

Ndiyo sababu nawashauri wenzangu wa upande huu wamsikilize jirani. IGEBU, taasisi ya hali ya hewa ya Burundi, inashiriki mikutano ile ya ICPAC, na mwishoni mwa Agosti inaleta nyumbani ramani ya mvua za vuli. Inachokisema juu ya Imbo, yaani tambarare ile ile upande wa pili wa mto, ndicho kilicho karibu zaidi na ukweli wa Sange, Luberizi na Kiliba. Watu wa kingo hizi mbili wanajuana kwa undugu, soko na shida. Februari 2025, baada ya Bukavu kuanguka mikononi mwa waasi, maelfu walivuka Ruzizi kwenda Cibitoke, wengi wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, na walivuka wakati hasa wa kupanda msimu wa pili. Desemba mwaka huo huo vita vilishuka tena bondeni mpaka Uvira, mazao ya msimu wa kwanza yakiwa shambani. Aliyepoteza misimu miwili kwa bunduki hana mbegu ya kupoteza kwa mvua ya uongo ya Septemba. Kwake kosa la siku kumi ni njaa ya mwaka.

Kuazima kwa jirani hata hivyo kuna mpaka wake. Utabiri wowote hujengwa juu ya vipimo, na vipimo vyetu vimekwisha. Zamani taasisi ya kilimo ya wakati wa ukoloni, INEAC, ilikuwa na vituo vingi vya mvua mashariki mwa Kongo, na kwa takwimu hizo Franz Bultot aliandaa atlasi ya hali ya hewa ya bonde la Kongo iliyochapishwa miaka ya 1970. Baada ya hapo vituo vilikufa kimoja kimoja. Leo satelaiti zinakadiria mvua kwa kupima ubaridi wa vilele vya mawingu, na mahali pasipo kituo cha kuzisahihisha zinabaki kukisia, hasa kwenye miteremko, ambako mawingu mafupi yanaweza kunyesha vizuri bila satelaiti kuyatambua. Uvira ina kituo cha utafiti wa maji, CRH, ambacho kimechunguza ziwa tangu miaka ya 1950. Bondeni na milimani juu yake, kwenye vyanzo vya vijito vyetu, pengo ni kubwa.

Si pengo la mamilioni. Kipimo cha mvua ni chombo chenye mdomo mviringo na pande zilizonyooka. Hata kopo la maziwa ya unga lililosimamishwa mahali pa wazi, juu ya nguzo, mbali na paa na miembe, linatosha kwa kuanzia. Maji yakisimama humo kwa kina cha sentimita 2, zimenyesha milimita 20, na rula ya mwanafunzi inazisoma. Mto nao unapimwa kwa nguzo iliyochorwa alama na kusimikwa chini ya daraja. Shule ziko kote, kuanzia Kamanyola hadi Kiliba, na juu milimani pia. Zinafunga Julai na kufungua wiki ya kwanza ya Septemba, kwa hiyo watoto wanarudi darasani majuma yale yale mvua ya kwanza inapokuja. Mwalimu mmoja, daftari moja, kusoma kila siku saa 3 asubuhi, namba kutumwa kwa simu Uvira kwenye CRH na kwenye redio ya mahali. Nguzo za mto zisimikwe Juni hii, kabla vijito havijapungua, ili mwezi wa nane tuwe na kitu cha kulinganisha.